Mkono Huru na Mwanga wa Chumba: Mwongozo wa Kupima Picha za Rangi za Maji

Mbele ya picha ya rangi za maji inayoonyesha sebule yenye watu wawili watatu, dirisha pembeni, na rangi zilizoachwa ziingiliane zenyewe, sifa ya kwanza inayowatoka watazamaji ni kwamba mchoraji ana mkono mwepesi. Sifa hiyo haipimi kitu. Mkono mwepesi anao hata mwanafunzi wa wiki ya pili aliyeambiwa asiyaogope maji, na wapo wachoraji wa maduka ya watalii wanaoweza kukutolea sebule tano kabla ya adhuhuri, zote nyepesi, zote za kupendeza kwa mbali, wala hakuna hata moja inayostahimili kutazamwa mara ya pili. Mnunuzi, mwalimu au jaji wa mashindano anahitaji kipimo kingine, nami napendekeza kimoja: kila mahali ambapo mchoraji ameilegeza brashi pawe na sababu, na katika picha ya ndani ya chumba sababu hiyo itoke kwenye mwanga wa chumba chenyewe. Bega likiyeyukia ukutani, liwe limeyeyuka kwa kuwa bega na ukuta vimepata giza la kiasi kimoja. Shavu likikatwa kwa ukingo mkali, liwe limekatwa kwa kuwa nuru ya dirisha imelipiga huku nyuma yake kukiwa na kabati lenye kiza. Uhuru unaofuata mwanga ndio ustadi. Uhuru unaofuata haraka ya mchoraji au mazoea ya mkono wake ni uzembe, hata ukipendeza macho.

Kwa nini mwanga, na si kitu kingine? Jibu limo katika vifaa vyenyewe. Rangi za maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi, kwa kawaida utomvu wa mgunga, na hupakwa nyembamba kiasi kwamba nuru huzipenya, hugonga karatasi nyeupe iliyo chini, kisha humrudia mtazamaji. Zikitumiwa peke yake, weupe wote wa picha ni wa karatasi. Ndiyo maana wachoraji wengi wa rangi za maji hukimbilia nje: anga, bahari na ufukwe ni mwanga mwingi wenye giza kidogo, na karatasi inakuwa imeshamfanyia mchoraji nusu ya kazi kabla hajalowesha brashi. Ndani ya chumba hesabu hugeuka. Sehemu kubwa ya chumba, hata mchana, ni rangi za kati: kuta zisizoelekea dirisha, sakafu chini ya meza, dari, migongo ya watu. Nuru kamili ni kipande kidogo tu. Mchoraji wa chumba basi analazimika kuifunika karatasi karibu yote bila kuiua, yaani bila kuipaka mara nyingi hadi rangi ikawa tope. Anapigana na tabia ya chombo chake, na hapo ndipo wengi hushindwa wasijue wameshindwa.

Hakuna ushahidi mzuri wa jambo hili kama picha ndogo alizozichora J. M. W. Turner mwaka 1827 alipokuwa mgeni katika jumba la Petworth, Sussex, Uingereza, nyumbani kwa Earl wa tatu wa Egremont. Ni zaidi ya 100, kila moja ikiwa na upana usiozidi kiganja kimoja na vidole vichache vya mtu mzima, kama sentimita 14 kwa 19, na nyingi zinaonyesha ndani ya nyumba: vyumba vya kulala, ngazi, wageni wakizungumza, watu wakisikiliza muziki, mchoraji akifanya kazi mbele ya dirisha kubwa lenye tao huku wanawake wakimtazama. Turner hakutumia karatasi nyeupe. Alitumia karatasi ya buluu, akapaka rangi za maji pamoja na gwashi, ile rangi nzito isiyopitisha nuru. Alijua anachokifanya. Karatasi ya buluu ilimpa bure zile rangi za kati ambazo chumba kimejaa, akabaki na kazi mbili tu, kuongeza nuru na kuongeza giza. Watu wake ni madoa: doa la njano kwa gauni, doa jeupe kwa shingo, mstari mmoja wa kahawia kwa kiti. Hata hivyo hakuna anayeuliza dirisha liko upande gani.

Swali la dirisha ndilo la kuanzia. Rudi nyuma hatua tatu nne, fumba macho nusu mpaka vitu vipoteze majina yao na kubaki maumbo ya giza na mwanga, kisha jiulize nuru inatoka wapi na inaishia wapi. Usitafute dirisha lililochorwa. Picha nyingi nzuri hazina dirisha ndani yake. Tafuta jinsi giza linavyoongezeka kadiri unavyokwenda mbali na chanzo cha nuru. Mchoraji dhaifu hutia nuru sawasawa kila mahali, kama chumba kisicho na paa, au hupaka rangi moja nyepesi ya kijivu kila penye kivuli. Kosa hili la upauko ndilo la kawaida kuliko yote, na lina sababu ya kifundi: rangi ya maji ikikauka hupungua nguvu, hivyo kivuli kilichoonekana kizito kikiwa kimelowa huamka kesho yake kimepauka. Mwenye uzoefu hupaka kivuli kizito kuliko anavyokiona, akijua kitashuka. Mwoga hukipaka anavyokiona, kisha akistuka kwamba kimeshuka hukirudia mara ya pili na ya tatu, na hapo tope linaanza.

Nyumba za kale za mawe za Lamu zinafaa kama mtihani wa jambo hili, na kwa kuwa zinachorwa na kuuzwa sana, msomaji wa pwani atakutana nazo. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kupitia misana, yaani vyumba vya mbele, hadi ndani kabisa. Nuru huingia kutoka kiwandani na hufifia chumba hata chumba. Zile zidaka za plasta zilizochongwa ukutani kule ndani ni nyeupe kwa kuzijua, lakini kwa macho zinaonekana kijivu, buluu ya jioni, au rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai. Mchoraji anayeziacha kwa weupe mtupu wa karatasi, ziking'aa sawa na mlango wa kiwanda, amechora anachokijua badala ya anachokiona. Atapewa sifa ya kuhifadhi urithi, na huenda anastahili. Lakini chumba hakipo. Na kama katika picha hiyo kuna bibi ameketi kitandani karibu na zidaka, naye hayupo, maana hana giza la kukaa ndani yake.

Hapo tunafika kwenye kiini cha mwongozo huu, yaani kingo. Tone la rangi ya maji likiachwa kwenye karatasi kavu hukauka likiwa na mstari mzito pembeni. Maji hukauka upesi zaidi kwenye ukingo wa tone, maji mengine husogea kutoka katikati kwenda kuziba pengo, na yanaposogea hubeba chembe za rangi na kuzirundika pale pembeni. Karatasi ikiwa imelowa, hakuna mstari: rangi husambaa na ukingo hupotea. Katikati ya hali hizo mbili kuna unyevunyevu, ambapo ukingo hulainika bila kupotea, na dirisha hilo la muda ni fupi sana, dakika chache tu, fupi zaidi penye joto na upepo. Chombo chenyewe basi kinampa mchoraji kingo tatu: kali, laini na iliyopotea. Atakayetaka kujua kama mchoraji ni bingwa asiangalie maua wala mapazia, aangalie mzunguko wa mtu mmoja kuanzia kichwani hadi miguuni na kuhesabu kingo zimebadilika mara ngapi, na kwa nini.

Tuseme ni mwanamke ameketi kando ya meza, ubavu wake ukielekea dirisha. Ukingo wa paji la uso na pua ni mkali, kwa sababu nyuma yake kuna giza. Ukifika nywele za kisogoni, kahawia ya nywele inaingia moja kwa moja katika kahawia ya kabati bila mstari wowote, kwa sababu zote mbili ziko kivulini. Mchoraji alizipaka kwa brashi moja, kwa pumzi moja, rangi ikiwa bado inatiririka. Bega la karibu na dirisha limeachwa karatasi tupu, na halina ukingo kabisa kwa juu, kwa kuwa nuru ya bega na nuru ya pazia ni moja. Kiwiko kilicho juu ya meza kinarudi kuwa kikali, maana pale ndipo uzito wa mwili unapokutana na kitu kigumu, na jicho linahitaji kuamini kwamba meza inamshika. Hayo ni mabadiliko manne katika umbo lisilozidi urefu wa kidole, na kila moja lina sababu ambayo mtazamaji anaweza kuitaja. Sasa mlinganishe na mwanamke mwingine, ambaye mchoraji alimchora kwa penseli mzunguko mzima, akamjaza rangi ndani ya mstari, kisha akanyunyizia maji ukutani ili picha ionekane huru. Uhuru huo ni wa ukuta peke yake. Mtu amebandikwa juu yake, na ungeweza kumkata kwa mkasi ukamhamishia picha nyingine.

Hicho ndicho kipimo cha watu katika chumba: je, unaweza kumtoa mtu bila chumba kuharibika? Katika picha ya John Singer Sargent ya ndani ya hema la hospitali, iliyoko Imperial War Museum, London, jibu ni hapana. Mwaka 1918 Sargent alitumwa Ufaransa kuchora vita kwa niaba ya Uingereza, akaugua mafua makali, akalazwa pamoja na majeruhi. Picha aliyoitoa huko ina vitanda vya kambi kwa safu, mablanketi mekundu, na turubai inayopitisha mwanga wa nje. Wagonjwa hawakuchorwa nyuso kwa undani. Wamechorwa kama mikunjo ya blanketi inayopanda na kushuka, kichwa kikizama kwenye mto, na wekundu wa blanketi la mmoja ukielekeza jicho kwenye blanketi la jirani yake. Ukimwondoa mgonjwa mmoja, safu inakatika na hema linapoteza urefu wake. Simanzi ya picha haiko kwenye uso wa mtu yeyote. Imo katika marudio ya vitanda na katika mwanga mpole usiomchagua mtu.

Watazamaji wengi hutaka uso, na wachoraji huwapa: macho mawili, nyusi, tabasamu, vyote vikiwa vimechongwa kwa brashi ya ncha kali katikati ya picha ambayo sehemu nyingine zote zimelegezwa. Matokeo yake ni uso unaoelea. Gwen John, mchoraji wa Wales aliyeishi Meudon karibu na Paris, alionyesha jinsi uso unavyoweza kukosekana na mtu akabaki. Alichora mamia ya picha ndogo za waumini kanisani, wengi wakionekana kwa nyuma: kofia, shingo, mkunjo wa koti, mgongo wa kiti. Mtu mzima anatambulika kwa namna kofia ilivyoinama. Aidha aliirudia picha ileile mara kadhaa, akibadilisha uzito wa rangi kidogo kidogo, mpaka mistari ya ziada ikaondoka. Wanaodhani kwamba picha yenye madoa machache imechorwa kwa dakika chache wangejifunza mengi kwake. Wepesi unaoonekana kwenye karatasi ya mwisho mara nyingi umelipiwa kwenye karatasi za kabla yake. Kwa upimaji wa mtu, basi, anza na mkao: kichwa kimekaa vipi juu ya mabega, makalio yamekandamiza kiti kweli, miguu imegusa sakafu au inaning'inia. Kivuli kidogo chini ya kiatu kina thamani kuliko macho mawili. Mikono itazame mwisho. Mkono mzuri katika uchoraji huru ni doa moja lenye mwelekeo sahihi. Mkono wenye vidole vitano vilivyohesabiwa huvuta jicho kama uso unaoelea.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: ikiwa picha nzuri ni ile iliyoacha vitu, basi tunamlipa mchoraji kwa kazi ambayo hakuifanya. John Frederick Lewis aliishi Cairo miaka kumi, kuanzia 1841, na mwaka 1850 akaonyesha London picha yake ya rangi za maji ya ndani ya harimu, ambayo kila tundu la kiambaza cha mbao, kila ua la nguo na kila mfano wa nuru iliyochujwa umechorwa kwa subira ya sonara. Ilishangiliwa, na kwa haki. Je, Sargent na madoa yake amemzidi? Sisemi amemzidi. Nasema wanapimwa kwa swali lilelile na wote wawili wanalijibu: Lewis naye hujali nuru inavyopenya mbao na kutua juu ya watu, na ndiyo maana utitiri wa vitu vyake hauvunji picha. Aliyechora tundu zote za kiambaza lakini nuru haikupita humo amefanya kazi nyingi isiyo na faida. Wingi wa kazi hauokoi picha, na uchache wake hauihukumu. Lewis mwenyewe aliuhesabu wingi huo kwa fedha: mwaka 1858 alijiuzulu urais wa chama cha wachoraji wa rangi za maji na kurudi kwenye rangi za mafuta, kwa kuwa jasho alilomwaga kwenye karatasi halikulipwa sawasawa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Maji hufanya yatakayo. Sehemu nzuri kuliko zote katika picha ya rangi za maji mara nyingi haikukusudiwa: rangi ilitiririka, ikakutana na nyingine, ukatokea mgongo wa paka. Tunawezaje kusifu sababu pale ambapo hapakuwa na nia? Nadhani swali hili linachanganya nia ya kufanya na nia ya kuacha. Mchoraji hakuyaamrisha maji, lakini aliona yalichofanya akaamua kutogusa. Angeweza kupanguza kwa kitambaa, na hakupanguza. Arthur Melville, Mskoti aliyezaliwa 1855, ambaye safari zake za Mashariki zilimfikisha Cairo, Maskati na Baghdad, alisifika kwa picha zilizoonekana kama mvua ya madoa iliyoanguka kwa bahati. Kumbe alikuwa na hila: kabla ya kulitia doa kwenye karatasi, aliweka kioo juu ya picha na kulijaribu doa hilo juu ya kioo, akilisogeza mpaka likae mahali pake. Madoa yaliyoonekana ya bahati yalikuwa yamepimwa mojamoja. Hata pasipo kioo, kila mchoraji mzuri ana rundo la karatasi alizozitupa, na picha unayoiona ukutani ni ile iliyonusurika. Ndiyo maana napendelea kuona picha sita saba za mchoraji mmoja kuliko moja. Bahati haiji mara saba mfululizo.

Wapo pia watakaosema kwamba picha ya hisia haina deni kwa mwanga. Mchoraji mwenye huzuni atapaka ukuta kijani na uso zambarau, na nani amuulize dirisha liko wapi? Hapa lazima tutenganishe rangi na uzito wake, yaani kiasi cha giza lililomo. Rangi inaweza kusema uongo kadiri ipendavyo. Uso wa zambarau unakubalika bila shida mradi uzito wake uwe ule ambao uso ungekuwa nao mahali pale: mwepesi penye nuru, mzito penye kivuli. Uzito ukikosewa, hisia haitoki. Kinachotoka ni fujo. Jaribio ni rahisi kwa yeyote mwenye simu: piga picha mchoro, ondoa rangi zibaki nyeusi na nyeupe. Zile picha za hisia kali zilizo nzuri kweli husimama bila rangi zake, chumba kikibaki chumba. Zilizo dhaifu hugeuka kijivu kimoja, kwa sababu rangi nyekundu na kijani zilizokuwa zikipigizana kelele zilikuwa na uzito mmoja tangu mwanzo.

Suala la usafi wa ufundi nalipita upesi, ingawa mashindano mengine bado yanalishikilia kama sheria. Inadaiwa kwamba mchoraji halisi wa rangi za maji hatumii nyeupe, huiacha karatasi. Turner alitumia, na Sargent alitumia rangi nyeupe nzito, nta ya kuzuia maji, na kukwaruza karatasi. Makumbusho ya Brooklyn hayakuona aibu kununua picha zake 83 za rangi za maji kwa mara moja mwaka 1909. Swali la maana ni kama nyeupe hiyo imewekwa mahali nuru inapostahili kuwa, au imewekwa kuficha kosa. Inua picha ielekee taa ya ubavuni: nyeupe ya kuficha huonekana kama kiraka, mara nyingi juu ya karatasi iliyosuguliwa mpaka nyuzi zake zikainuka. Sehemu ya kwanza ya kukagua kwa taa hiyo ni uso na mikono, maana huko ndiko wachoraji hukosea na kusugua.

Msomaji aliyezoea Tingatinga atakuwa na pingamizi lake mwenyewe, nalo lina uzito hapa kwetu. Michoro iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa juu ya bodi, imetufundisha kupenda ukingo safi na rangi isiyochafuka, na kwa jicho hilo picha ya rangi za maji iliyolegezwa huonekana haijamalizika. Jicho hilo halina kosa. Lina sheria nyingine. Katika Tingatinga hakuna dirisha moja linaloangaza kila kitu. Ndege ana nuru yake na jani lina nuru yake, na ubora umo katika mstari, mpangilio na marudio. Kipimo cha mwanga ninachokitetea hakina mamlaka huko. Kina mamlaka pale tu ambapo mchoraji amemwahidi mtazamaji chumba, chenye hewa ndani yake na watu walioketi wakipumua hewa hiyo. Ahadi hiyo wachoraji wengi huitoa bila kujua, mara tu wanapochora mstari wa sakafu na kiti kilichosimama juu yake. Picha ya chumba ambayo imeamua waziwazi kuwa pambo, bapa na isiyo na kivuli, ipimwe kama pambo. Zinazosumbua ni zile zilizoko katikati, zenye kivuli chini ya meza lakini hakuna kivuli chini ya watu.

Kilichobaki katika ukaguzi ni vitu vinavyoshikika. Karatasi ya pamba tupu, nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, hustahimili maji mengi na kupanguzwa. Karatasi nyembamba ya massa ya mti hujikunja, rangi hukusanyika mabondeni, na baada ya miaka hugeuka njano. Kwa kioo cha kukuza, picha halisi huonyesha chembe za rangi zilizotua kwenye vishimo vya karatasi, hasa buluu ya ultramarini, ambayo chembe zake hujikusanya humo. Nakala ya mashine huonyesha vidoti vya wino vilivyotawanyika bila kujali vishimo hivyo. Bei ya nakala na bei ya picha halisi hazikaribiani, na duka lisilotaka utumie kioo hicho limeshakujibu.

Lakini cha kuangaliwa kuliko hayo yote, kabla hujamlaumu mchoraji kwa upauko, ni kama picha imepauka baada yake. Rangi za maji ni nyembamba, na jua huzila. Mwaka 1888 wanasayansi Russell na Abney waliwasilisha kwa serikali ya Uingereza ripoti ya majaribio yao juu ya mwanga na rangi za maji, na ilithibitika kwamba rangi kadhaa zilizotumiwa kila siku na wachoraji hufifia zikiwekwa kwenye nuru. Nyekundu ya alizarini, inayoandikwa PR83 kwenye tyubu, inajulikana kwa udhaifu huo hadi leo, ilhali buluu ya ultramarini, PB29, hudumu. Katika picha ya ndani ya chumba hasara hii ni kubwa kuliko ya mandhari, kwa kuwa nyekundu ndiyo inayopasha joto ngozi za watu na vivuli vya pembeni. Ikiondoka, ngozi hugeuka kijivu au kijani, vivuli hupoa, na kingo zilizokuwa zimepotea kwa makusudi hujitokeza tena, maana rangi mbili zilizokuwa na uzito mmoja sasa zinatofautiana. Unaweza kumhukumu mchoraji kwa kosa la dirisha la mwenye nyumba. Mwombe muuzaji afungue fremu, uinue kadibodi inayozunguka picha, utazame ule ukanda mwembamba ambao haujawahi kuona nuru. Kama ukanda huo una wekundu ambao sehemu nyingine ya picha haina, pima ustadi wa mchoraji kwa ukanda, na upange bei kwa kilichobaki.